London hadi Paris: usiihesabu safari kwa saa ya tiketi

Ndugu, umeuliza London hadi Paris ni kilomita ngapi, na kwa nini tiketi ya ndege ya mdogo wako inaonyesha kuondoka 10:00 na kufika 12:20 wakati watu wanakwambia ni mwendo wa saa moja na kitu. Tiketi iko sawa. Paris iko mbele ya London kwa saa moja, kiangazi na baridi, na tiketi huandikwa saa za mahali husika. Toa hiyo saa moja, inabaki saa 1 na dakika 20. Akirudi ataona kinyume chake: anaondoka Paris saa nne kamili, anatua London saa nne na dakika ishirini.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 344. Ndege yenyewe inakuwa hewani chini ya saa nzima, muda mwingine unaliwa na kutambaa uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Mara yangu ya kwanza nilipewa maji na biskuti, sijamaliza hata kikombe tukaambiwa tukunje meza, tunashuka.

Lakini hiyo siyo safari, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Naishi mashariki ya London, dada yangu yuko Paris. Siku ile nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow, ambao uko magharibi kabisa, yaani nilivuka jiji zima. Ndege saa mbili na nusu. Tukatua uwanja wa Charles de Gaulle wa Paris, foleni ya pasipoti, kusubiri sanduku, halafu treni ya RER B kuingia mjini, maana uwanja uko kilomita 25 hivi nje. Nilibisha hodi kwa dada saa saba kasorobo mchana. Ukiondoa ile saa moja ya tofauti, nilitumia karibu saa saba kwa kilomita 344!

Tangu hapo napanda treni ya Eurostar kutoka stesheni ya St Pancras, London. Inakwenda hadi kilomita 300 kwa saa, inapita njia ya chini ya bahari yenye urefu wa kilomita 50, na ndani ya saa mbili na dakika ishirini hivi uko stesheni ya Gare du Nord, ndani ya mji wa Paris. Askari wa mpaka wa Ufaransa wanakukagua pasipoti hapo hapo London kabla hujapanda, kwa hiyo ukishuka unabeba mzigo wako unatoka. Masanduku hayapimwi kwenye mizani, na kwa sisi tunaobebeana unga na vitenge hilo ni jambo kubwa. Fika stesheni saa moja na zaidi kabla ya treni kuondoka, na nunua tiketi mapema, ukichelewa bei inapaa. Mlango kwa mlango natumia chini ya saa tano.

Kama mdogo wako anashuka Heathrow kutoka nyumbani Afrika na kuunganisha hapo hapo, basi apande ndege, hakuna maana ya kuburuta mizigo hadi mjini. Kama anakaa London kwanza, treni.

Ila kabla ya kulipia chochote, mwangalie pasipoti. Kama ni ya Tanzania au Kenya, visa ya Uingereza haimwingizi Ufaransa. Anahitaji ya Schengen, yaani visa ya pamoja ya nchi za Ulaya ambazo Ufaransa ni mojawapo, na aiombe mapema.