Kwa mgeni wa Dar: barabara nne kwanza, vivutio baadaye

Mkuu, umesema unatoka Njombe, unafikia kwa dada yako Tabata, una siku 10, na unataka kuijua Dar na kuona vivutio vyake. Wengine watakutajia fukwe na mahoteli. Mimi niliingia hapa 2017 nikitokea Songea, nikapotea vya kutosha, kwa hiyo nitaanza na nilivyopotea.

Shemeji alinipokea Ubungo usiku (wakati huo mabasi ya mikoani yaliishia pale, siku hizi utashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis), tukaenda kwake Mbezi. Siku ya tatu nikajiona mwenyeji, nikatoka peke yangu mpaka Mwenge kuangalia vinyago. Jioni nikauliza gari la Mbezi. Konda akanishika mkono: "Mbezi hii, twende, siti ipo!" Siti ilikuwepo kweli. Baada ya muda naona njia siyo ile niliyoijia, nikamuuliza mama aliyekaa pembeni, "Samahani mama, Kwa Yusuf bado?" Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, Kwa Yusuf ni Mbezi ya Morogoro Road. Hii inakwenda Mbezi Beach." Nikashuka Tangi Bovu giza limeshaingia, simu inakaribia kuzima.

Usiku ule shemeji alichukua karatasi akanichorea mkono. Kiganja ni Posta na Kariakoo, nyuma yake bahari. Vidole ni vinne. Bagamoyo Road inaelekea kaskazini, Mwenge, Tegeta mpaka Bunju. Kipande chake cha mjini kinaitwa Ali Hassan Mwinyi. Morogoro Road inakwenda magharibi: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara. Nyerere Road, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, inapita uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto. Kilwa Road inashuka kusini, Mbagala. Halafu akapiga mstari mmoja unaovikata vidole vyote: Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, kisha Mandela kutoka Ubungo, Tazara, mpaka upande wa bandarini. Tabata kwa dada yako ipo pembeni mwa Mandela, kwa hiyo una bahati, kila kidole utakifikia bila kwanza kwenda mjini.

Basi ukitajiwa mahali popote, swali lako la kwanza liwe: ni barabara gani? Maana majina ya vituo yatakuchezea. Konda anaita "Mombasa! Mombasa!" na hakuna anayekwenda Kenya, ni kituo cha huko Ukonga. Argentina ipo Manzese. Morocco ipo Kinondoni. Posta ziko mbili, Mpya na ya Zamani. Inayowaumiza zaidi wageni ni Makumbusho. Ukisema ushushwe Makumbusho utaachwa stendi ya daladala ya Bagamoyo Road, jirani na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila yetu. Ni pazuri, pitia. Lakini Makumbusho ya Taifa yenyewe yako Posta, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Huko ndiko utakutana na habari za Zinjanthropus wa Olduvai, fuvu lililopatikana 1959, na magari aliyotumia Mwalimu.

Siku 2 za mwanzo usipande bodaboda wala usiite gari kwa simu. Utafika haraka, ila hutajua umepita wapi. Panda daladala, kaa dirishani, nenda nayo mpaka mwisho wa njia, urudi nayo. Mimi nilikwenda Mbagala Rangi Tatu sina shughuli yoyote kule, nikanywa supu, nikarudi. Mwendokasi nayo ni nzuri kwa kukiona kidole cha Morogoro Road, mradi usiipande saa 12 asubuhi wala saa 11 jioni. Saa 4 asubuhi unaweza kupata siti ukakaa mpaka Kivukoni.

Siku ya Posta tembea kwa miguu. Anzia Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Watu wanaizunguka kila siku bila kuitazama. Iliwekwa na Waingereza 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya vita hivyo hapo hapo palisimama sanamu ya Mjerumani, gavana Hermann von Wissmann. Sogea usome maandishi yake, utakuta na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kisha nenda Kariakoo kwa mwendo wa kupiga stori. Jina la Kariakoo limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao hao. Mimi niliuza mitumba pale miezi 7 kabla ya kulijua hilo. Lile jengo la soko lenye mapaa ya zege kama miavuli iliyogeuzwa lilibuniwa na Beda Amuli miaka ya 70, likaungua 2021.

Ukiwa Kariakoo, kijana akikusogelea na simu kali ya bei poa, mwambie unayo. Mimi nilionyeshwa simu inawaka, ikafungwa kwenye bahasha mbele ya macho yangu, nikatoa shilingi 60,000. Nyumbani nikafungua kipande cha sabuni ya mche. Shemeji hakunisema, alicheka tu, na sabuni tukafulia.

Kama una siku moja tu ya kufurahia mji, iwe ya pantoni. Nenda Feri, chungulia soko la samaki asubuhi wakati mnada umechangamka, halafu vuka kwenda Kigamboni. Nilipopanda mara ya kwanza nauli ya mtembea kwa miguu ilikuwa shilingi 200. Usikae ndani, simama ukingoni ugeuke nyuma: unaona mlango wa bandari, kanisa la Azania Front, mnara wa Mtakatifu Joseph, na maghorofa mapya yamejipanga nyuma yao. Kurudi unaweza kupita Daraja la Nyerere. Coco Beach iache Jumapili jioni, wenyeji ndipo wanapokwenda. Chukua mihogo ya kukaanga na pilipili.

Zanzibar uliyoulizia mwishoni, ukienda nunua tiketi dirishani kwenye ofisi ya boti. Watakaokufuata pale nje na kukuita "bro" kabla hujafika getini, wapite tu.