Maswali ya wasomaji: Rauta inapiga simu usiku kucha, nani kaituma?

SWALI: Fundi habari za kazi. Hapa ofisini tuna laini ya ISDN (simu ya kidijitali inayobeba na data) ile ndogo ya BRI, inatuunganisha na tawi letu. Rauta ni Cisco, nimeiset mwenyewe na inafanya kazi safi kabisa, shida ni bili. Imekuja kubwa mpaka bosi kaniita, inaonesha laini ilikuwa hewani usiku mzima, hadi Jumapili, na mi nna uhakika ofisi ilikuwa imefungwa. Ni virusi au watu wa simu wanatuibia? Mwenye Kesi

JIBU: Pole Mwenye Kesi, ila kabla hujaenda kugombana na watu wa simu, aliyepiga ni rauta yako na wewe ndo uliyeiruhusu. Laini ya BRI ina chaneli mbili za B, kila moja kilobiti 64 kwa sekunde, na ya D ya kilobiti 16 ambayo kazi yake kubwa ni kupanga simu, kwa hiyo kila data inapotaka kupita kwenye B rauta inapiga simu kama mtu anavyopiga, na mita inaanza kuhesabu. Sasa data gani inastahili kupigiwa simu? Hilo rauta inaliangalia kwenye dialer-list, na naweka dau kwamba yako imeandikwa hivi:

dialer-list 1 protocol ip permit

Maana yake chochote cha IP, piga. Ukiwa na RIP (itifaki ya rauta kuambiana njia) inapita kwenye hiyo BRI, na kwenye dialer map (mstari unaosema tawi lipigiwe namba gani) umeweka neno broadcast, basi kila sekunde 30 RIP inatuma habari zake za njia. Muda wa kusubiri kabla ya kukata ni sekunde 120 kama hujaugusa, na kila data inayostahili ikitoka hesabu inaanza upya, we piga hesabu mwenyewe, 120 itafika saa ngapi wakati kila 30 mtu anagonga mlango?

Usiniamini mimi, andika show dialer laini ikiwa juu, utaona mstari wa Dial reason, pale kuna s= ni anuani iliyotuma na d= ni inakokwenda. Ukikuta d=255.255.255.255 au 224.0.0.9 huyo ni RIP, ukikuta 224.0.0.5 ni OSPF, itifaki nyingine ya njia. Ukikuta anuani ya kompyuta ya mtu hapo ndo uanze kuuliza nani kaacha mashine inawaka.

Dawa:

access-list 101 deny udp any any eq rip
access-list 101 permit ip any any
dialer-list 1 protocol ip list 101

Hapa wengi wanajichanganya. Hiyo deny haizuii RIP kupita, inasema tu RIP isiamshe laini wala isiirefushie muda, laini ikiwa juu kwa sababu nyingine RIP inapanda humohumo kama abiria wa bure. Ila kwa matawi mawili tu mi nisingehangaika na RIP kabisa, weka ip route ya mkono kila upande, halafu passive-interface BRI0 chini ya router rip ili RIP isitumwe kwenye hiyo laini, umemaliza. Na kama rauta inachukua saa kwa NTP ng'ambo ya laini, iongeze kwenye deny, juu ya ile permit, maana nayo haijui kulala.

SWALI: Mimi yangu hata kupiga haipigi. show isdn status inasema leya 1 (ya waya) ACTIVE ila leya 2 (ya rauta kuongea na swichi ya simu) haipandi, kebo nimebadilisha mara mbili.

JIBU: Achana na kebo, leya 1 ikiwa ACTIVE waya mzima. Angalia isdn switch-type, yaani aina ya swichi ya kampuni ya simu, nchi za Ulaya ni basic-net3, Marekani inategemea swichi ya kampuni, basic-ni, basic-5ess au basic-dms100, na huko mara nyingi unapewa na namba za SPID, za kuitambulisha laini yako kwa swichi, ambazo ukikosea tarakimu moja imekula kwako. Ukishabadilisha piga shutdown kwenye BRI, halafu no shutdown. Unachotafuta ni MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED, na TEI, namba ya kifaa chako kwenye laini, ambayo swichi ikigawa yenyewe huwa kati ya 64 na 126.

SWALI: Simu inapokelewa, baada ya sekunde chache inakata, inapiga tena, inakata. CHAP (ya rauta kukaguana paswedi) nimeweka pande zote mbili na paswedi ni ileile, nimeikopi na kupesti.

JIBU: Washa debug ppp authentication uone nani anamkataa nani. Jina kwenye username ni hostname ya rauta ya UPANDE WA PILI, sio yako, na kama kule inaitwa TAWI we ukaandika Tawi, hapatani mtu. Jina likiwa sawa, futa ule mstari wa username uandike upya kwa mkono, herufi kwa herufi, maana kwenye kupesti mara nyingi inaingia nafasi tupu mwisho wa paswedi, kwa macho huioni ila rauta inaihesabu kama herufi.