Safari hii, wapeni Olanna na Kainene filamu yao

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii ni filamu gani iliyotokana na riwaya tungependa itengenezwe upya, na kwa nini. Yangu ni Half of a Yellow Sun, aliyoiongoza Biyi Bandele mwaka 2013 kutokana na riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie. Siitaki upya kwa sababu ni mbaya. Naitaka kwa sababu ndani yake kuna filamu nyingine, kubwa kuliko hiyo tuliyoiona, ambayo haikupewa nafasi: filamu ya madada wawili.

Kwa ambao hawajaiona, Olanna na Kainene ni mapacha, watoto wa tajiri wa Kiigbo anayeishi Lagos wakati Nigeria inapata uhuru mwaka 1960. Kwetu wangeitwa Kulwa na Doto, lakini hawafanani sura wala tabia. Olanna, ambaye uzuri wake unazungumzwa kila anapopita, anaacha raha za Lagos na kumfuata Odenigbo, mhadhiri wa chuo kikuu cha Nsukka mwenye siasa kali. Kainene, mwenye ulimi wa wembe, anakwenda Port Harcourt kusimamia biashara za baba yao, na mwenzi wake ni Mwingereza, Richard. Mwaka 1967 Biafra, eneo la mashariki ambako Waigbo ndio wengi, inajitenga na Nigeria, na vita vinaanza. Mpaka vinakwisha Januari 1970, watu wanaokadiriwa kufika milioni moja au zaidi wamekufa, wengi wao kwa njaa.

Sasa kinachoniuma. Adichie hakuisimulia hadithi hii moja kwa moja. Anaanza na mwanzoni mwa miaka ya sitini, anaruka hadi mwishoni mwake, anarudi nyuma, halafu anakwenda mbele tena. Ukifika sehemu ya pili unakuta Olanna na Kainene hawasemezani, na nyumbani kwa Olanna kuna mtoto anayeitwa Baby, na hakuna anayekueleza chochote. Unasoma kurasa nyingi huku ukimkosa Kainene na kujiuliza wamekosana nini. Ndipo kitabu kinakurudisha: mama yake Odenigbo alimleta Amala, msichana wa kijijini, Odenigbo akalala naye na mtoto akazaliwa. Olanna, kwa uchungu wake, akalala na Richard. Mwanamume wa dada yake! Unapolijua hilo umeshaona gharama yake, na huwezi tena kulichukulia kama fumanizi la kawaida.

Filamu imeinyoosha ile kamba. Tukio linafuata tukio kwa mpangilio wa kalenda, na kwa hiyo usaliti ule unakuwa ugomvi mmoja kati ya mingi ya ndani ya ndoa, unaokuja na kupita kabla mabomu hayajaanza. Naelewa kwamba riwaya ya zaidi ya kurasa 400 haiwezi kuingia yote kwenye filamu isiyofika saa mbili. Lakini kupunguza ni kuchagua, na waliochaguliwa hapa ni Olanna na Odenigbo.

Na sehemu hiyo waliyoichagua wameifanya vizuri, lazima niseme. Chiwetel Ejiofor anamcheza Odenigbo kama msomi ambaye maneno yake makubwa yanamwishia pale mama yake anapoingia mlangoni. Mama mwenyewe ni Onyeka Onwenu, mwimbaji mkubwa wa Nigeria. Anapomvaa Olanna ndani ya nyumba ya mwanawe na kumwita mchawi, huwezi kumcheka wala kumchukia kabisa, kwa sababu anaamini kwa dhati kwamba anamwokoa mtoto wake. Wangapi kati yetu tumemwona mama huyo kwenye vikao vya ukoo.

Kabla ya kupiga picha palikuwa na malalamiko kwamba Thandie Newton, ambaye mama yake ni Mzimbabwe na baba Mwingereza, hakufaa kumcheza Olanna, mwanamke wa Kiigbo. Mimi sina ugomvi na uso wake. Ugomvi wangu ni dakika. Anika Noni Rose anamcheza Kainene kwa namna ambayo kila anapotoka kwenye picha unabaki ukimsubiri arudi, na unasubiri sana.

Kwenye riwaya, Kainene anamwona mtumishi wake akikatwa kichwa na kipande cha bomu, na anayemwendea baada ya hapo ni dada yake, yuleyule aliyekuwa hasemi naye. Baadaye anamwambia kwamba yapo mambo yasiyosameheka kiasi kwamba mengine yote yanakuwa mepesi kuyasamehe. Wanaishi pamoja Orlu, ambako Kainene, yule mfanyabiashara wa Port Harcourt, sasa anahangaikia chakula cha kambi ya wakimbizi. Halafu anavuka kwenda kutafuta bidhaa upande wa adui, na harudi. Olanna, msomi wa chuo kikuu, anafikia kuitupa picha ya pacha wake kwenye mto Niger kwa sababu mganga ameagiza hivyo. Yuko tayari kuamini lolote litakalomrudisha. Kwangu hiki ndicho kitovu cha hadithi, na ndicho nilichotaka filamu ikae nacho.

Sisi Watanzania tuna sababu ya ziada ya kuitaka. Tarehe 13 Aprili 1968 nchi yetu, chini ya Mwalimu Nyerere, ilikuwa ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Ningependa wajukuu wa uamuzi ule waone ulimaanisha nini kwa watu waliokuwa wakiusikia redioni huku wakiwa na njaa. Na vita hivi havijapoa hata Nigeria kwenyewe: filamu ilipigwa picha Calabar, lakini ilipotarajiwa kuonyeshwa nchini humo Aprili 2014, cheti cha wakaguzi kikachelewa, ikaingia kwenye kumbi Agosti.

Bandele alifariki mwaka 2022, na namshukuru kwa kuthubutu. Atakayepokea kazi hii aifanye kuwa tamthilia ya vipindi, afuate mpangilio wa Adichie, atuanzishie ukimya wa madada kabla ya kutueleza chanzo chake. Mimi ningempa mwongozaji Wanuri Kahiu wa Kenya. Alichukua hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko akatengeneza filamu iitwayo Rafiki mwaka 2018, na pale alionyesha kwamba anaweza kuwaacha wanawake wawili watazamane bila kuwakatisha. Apewe saa sita, na angalau tatu kati ya hizo Kainene awemo.

Msomaji wenu,
Morogoro