Merikebu Huundwa, Mtumbwi Huchongwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi seremala hapa Mafinga, na jioni ninawafundisha vijana wachache kazi ya mbao. Nimeletewa zawadi kutoka Uingereza, sanduku la vipande vya mbao vya kutengenezea umbo dogo la Cutty Sark, ile meli ya matanga iliyoshushwa majini Uskoti mwaka 1869. Maelezo yake ni ya Kiingereza, nami nataka vijana wayasome kwa Kiswahili. Nimeanza hivi: "Tunajenga meli ya mfano. Kwanza tunaweka uti wa mgongo, kisha mbavu." Je, nimeandika sawasawa?

JIBU: Marahaba, fundi. Vijana wako wataelewa ulichoandika, lakini Kiswahili kina maneno yake ya kazi hii tangu zamani, na ningependa uwape hayo.

Nianze na kitenzi. Nyumba hujengwa, chombo cha majini huundwa. Siku hizi kuunda tunakusikia zaidi katika kuunda tume na kuunda kamati, lakini kamusi za zamani zinakitaja kitenzi hiki pamoja na kazi ya mbao, hasa ya kutengeneza majahazi, na ndicho kilichotupatia muundo na kiunzi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini maana hiyo imefifia, nadhani kwa sababu chombo tulichokizoea ni mtumbwi wa Ziwa Nyasa, nao hauundwi. Niliwahi kusimama ufukweni Matema nikimtazama mzee mmoja akipitisha tezo ndani ya gogo. Kila pigo liliondoa kibanzi, na hakuna hata ubao mmoja alioongeza. Huko ni kuchonga. Anayeunda huanza bila kitu, akaongeza kipande juu ya kipande mpaka chombo kikatokea. Mtu anaweza kusema kwamba vipande vya sandukuni vimekwisha kukatwa, hivyo kazi iliyobaki ni kuunganisha tu. Kwa vile vya plastiki ningekubali. Kwa vya mbao sikubali, kwa kuwa wewe mwenyewe utaloweka fito ili zipinde, utazipunguza upana kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, na utapiga msasa mpaka zikae. Hiyo ni kazi ya kuunda hasa.

"Meli ya mfano" ina kasoro kubwa zaidi. Shamba la mfano ni shamba la kuigwa, na mwanafunzi wa mfano ni yule ambaye wenzake wanaambiwa wafuate nyendo zake. Kwa hiyo meli ya mfano itakuwa meli bora kuliko nyingine. Ulichonacho ni mfano wa meli. Upatanisho wa kisarufi nao hufuata neno mfano: mfano huu umekamilika, mfano wenyewe ni mdogo.

Hata hivyo, kwa Cutty Sark ningechagua merikebu. Meli ni neno lililotokana na Kiingereza, kutoka jina la vyombo vilivyochukua barua, na leo linatupa picha ya chombo cha injini. Jahazi nalo lina tanga kubwa juu ya foromali (mti unaobeba tanga) iliyolala mshazari, ilhali Cutty Sark ina milingoti mitatu, na kila mmoja una foromali kadhaa zilizokingama. Merikebu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na wasomaji wa kitabu cha Yona katika Biblia wanalijua vizuri. (Merikebu hiyo iliundwa ili kubeba chai kutoka China. Vijana wa Mufindi, wanaopita kando ya mashamba ya chai kila siku, wana haki ya kuambiwa hivyo.)

Sasa uti wa mgongo na mbavu. Ule ubao mrefu wa chini unaobeba chombo chote huitwa mkuku. Mbao zilizopinda zinazosimama juu yake kulia na kushoto ni mataruma, na moja ni taruma. Katika sanduku lako utakuta mataruma yamekatwa kama vibao vizima vyenye mwanya wa kuingilia kwenye mkuku. Yaite mataruma vivyo hivyo, maana kazi yake ni ileile ya kulipa tumbo la chombo umbo lake. Katika merikebu yenyewe mataruma ni ya chuma, na mbao zimefungwa juu yake. Andika basi: "Tunaunda mfano wa merikebu. Kwanza tunalaza mkuku, kisha tunasimamisha mataruma."

Kabla hamjafunika sitaha, yaani sakafu ya juu ya chombo, waite vijana watazame ndani. Bila shaka walikariri shuleni kwamba tezi na omo marejeo ni ngamani, pengine bila kuonyeshwa chochote. Tezi ni sehemu ya nyuma, omo ni ya mbele, na ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, yanapokusanyika maji yanayovuja. Wekeni kidole hapo.

Mlingoti mdogo wa nyuma ni galme, na ule unaochomoza mbele juu ya maji ni mlingoti wa maji. Neno matanga lisikutie wasiwasi kwa sababu ya msiba: matanga ya msiba huondolewa, ya merikebu hutwekwa na kutuliwa. Angalia irabu lakini, uandike kutweka, kwa kuwa kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani.