Muulize Fundi: Nani ameiua leza yangu?

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mgeni kabisa kwenye umeme. Kazi kubwa niliyowahi kufanya ni kuwasha taa ya LED kwa betri. Nilipata dayodi mbili za leza nyekundu, zile ndogo zenye miguu mitatu, nanometa 650 (kipimo cha rangi ya mwanga), miliwati 5. Karatasi yake ya maelezo inasema volti 2.2, nami nikatumia betri mbili za volti moja na nusu, nikaona 3 haiko mbali na 2.2. Iliwaka! Nukta kali ikatokea ukutani, na kabla sijamaliza kufurahi ikafifia. Sasa inatoa wekundu hafifu uliotapakaa, nazungusha lenzi wee, haukusanyiki. Betri ni mpya. Tatizo ni lenzi? Nimebakiwa na dayodi moja na naogopa hata kuigusa.*

Marahaba, mwanangu. Lenzi umeisingizia bure. Dayodi ile imekufa, ila imekufa kifo cha ajabu cha dayodi za leza: roho ya leza imetoka, mwili umebaki unawaka kama LED.

Chukua karatasi nyeupe isiyong'aa, uumulike huo wekundu uliobaki. Utaona doa laini. Leza iliyo hai haimuliki hivyo. Doa lake lina chembechembe, kama mchanga mwembamba unaometameta, na ukitikisa kichwa kidogo zile chembe nazo zinacheza. Mimi huangalia chembe hizo kabla ya kitu kingine chochote. Zisipokuwepo, ama mkondo wa umeme haujafika kiwango cha kuianzisha leza, ama mwenye leza ahesabu hasara.

Sasa, nani kaiua? Ni hizo volti 0.8 ulizoona si kitu. LED ile uliyoanza nayo inavumilia makosa, leza haivumilii. Kwenye dayodi, volti zikipanda kidogo tu, mkondo unaruka mara nyingi zaidi. Dayodi ya aina yako hutaka miliampia kama 30 hivi, na betri mbili bila rezista, kile kidude cha kubana mkondo, zinaweza kusukuma mkondo unaozidi hapo mara kadhaa bila kutoa jasho. Tena ikipata joto, dayodi hulegea, ikavuta mkondo zaidi, ikazidi kupata joto. Mwanga wote unatokea kwenye ncha ya kipande kidogo kuliko punje ya chumvi, na ncha hiyo ndiyo kioo chake. Mwanga ukizidi, kioo kinaungua. Haichukui hata muda wa wewe kutoa kidole kwenye swichi.

Kwa hiyo achana na swali la "inahitaji volti ngapi". Uliza inahitaji miliampia ngapi, kisha tengeneza kitu kitakachokataa kutoa zaidi ya hizo. Volti zitajipanga zenyewe.

Kitu hicho ni LM317, kile kidude cheusi cha miguu mitatu kinachotumika kudhibiti volti. Maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto ni wa kurekebisha, wa kati ni wa kutokea, wa kulia ni wa kuingilia. Chanya ya betri iende kulia. Kati ya mguu wa kati na wa kushoto weka rezista. Umeme wa kwenda kwenye leza uuchukue kwenye mguu wa kushoto, yaani baada ya rezista. Watu wengi huuchukua kwenye wa kati, wakakosa. LM317 hufanya kila iwezalo ili kwenye rezista hiyo kuwe na volti 1.25, si zaidi si pungufu. Basi gawanya 1.25 kwa omu za rezista, yaani kipimo cha jinsi inavyobana, umepata mkondo kwa ampia. Omu 47 zinakupa miliampia 27 hivi. Anza na hiyo. Omu 39 zinakupa 32, lakini usikimbilie huko kabla ya kusoma kikomo kwenye karatasi ya dayodi yako.

Betri ziwe za volti 9. LM317 yenyewe inakula karibu volti 2, rezista 1.25, leza 2.2; jumla zinapita 5. Betri tatu ndogo za jumla ya volti 4.5 hazitatosha, utabaki unamlaumu fundi.

Na sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoumia. Leza ndiyo inayoingia mwisho. Mahali pake weka kwanza dayodi za kawaida tatu, 1N4001, zikifuatana, pamoja na rezista ya omu 1. Tatu hizo zinakula karibu volti 2, kwa hiyo sakiti itadhani imeshapata leza. Pima kwa mita volti za kwenye ile omu 1: milivolti 27 maana yake miliampia 27. Washa, zima, washa tena, tikisa waya. Namba ikirukaruka, kuna kiungo kimelegea, na kiungo kilicholegea kimeua leza nyingi kuliko betri.

Kisa changu ni hiki. Nilifanya hayo yote, namba zikatulia, na kwa kujitia ujuzi nikaongeza kapasita, kidude kinachohifadhi umeme, ili itulize umeme kwenye njia ya kutokea. Nikatoa dayodi za majaribio, nikaacha sakiti imewashwa, nikaunga leza. Pap! Ule wekundu wa doa laini. Kumbe kapasita ilipokosa mzigo ilijijaza karibu volti zote za betri, na nilipogusisha leza ikajimwaga humo yote kwa mkupuo. Nikaunga ya pili kwa kuamini ya kwanza ilikuwa mbovu. Mbili kwa dakika tano. Tangu siku ile nazima kwanza, nagusanisha miguu ya kapasita kwa rezista mpaka iishiwe, ndipo naunga leza, ndipo nawasha.

Miguu mitatu isikutishe. Mmoja ni wa leza, mmoja ni wa kijicho cha ndani kinachopima mwanga, wa tatu wanachangia, na mara nyingi ndio ulioshikana na kile kikopo. Kijicho kiache bila waya. Upi ni upi, soma karatasi ya dayodi yenyewe, kwa sababu viwanda havikukubaliana. Na kabla ya kuishika, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi: umeme wa nguo zako unatosha kuiua bila wewe kuona hata cheche.

Macho sasa. Miliwati 5 zinasikika ndogo, lakini lenzi ya jicho lako huzikusanya zote kwenye nukta moja ya retina. Funga leza mezani, chini ya usawa wa macho, ielekee kwenye kitu kisichong'aa. Vua saa na pete. Usichungulie ndani "kuona kama inawaka", karatasi itakuonyesha.

*Fundi, nina kifaa kibovu cha kuandikia DVD. Nasikia leza yake inachoma mpaka karatasi nyeusi. Niitoe vipi?*

Usiitoe. Humo kuna leza mbili, nyekundu na ile ya CD ya nanometa 780, ambayo jicho linaiona kama uvuguvugu wa wekundu tu, au lisiione kabisa. Jicho lisipoona mwanga mkali halipepesi, na kupepesa huko ndiko kulikokuwa kinga yako. Nyekundu ya kuandikia nayo inaweza kupita miliwati 100, na kwa nguvu hiyo hata kupepesa hakufui dafu. Siku ukiwa na miwani iliyotengenezwa kwa nanometa hizohizo, si ya jua wala ya kulehemu, niandikie tena.

*Kwa nini leza ya rafiki yangu inang'aa kuliko yangu, na zote ni nyekundu za miliwati 5?*

Tazama nanometa. Kama yake ni 635 na yako ni 650, jicho linaiona ya kwake iking'aa karibu mara mbili ya yako. Nguvu ni ileile, jicho ndilo lenye upendeleo.