Kabla hujaagiza chipsi ulizia mafuta

Mi ni fundi umeme, transfoma nimezifungua kibao, na chipsi mayai nakula kama kawaida, kwa hiyo wauza chipsi msininunie.

Ishu ni hii, kila siku tunasikia transfoma imefunguliwa usiku, mafuta yamenyonywa, mtaa mzima giza na watu wanalalamikia giza tu, mimi najiuliza yale mafuta yameenda wapi?? Kenya na hapa Bongo imeshasemwa sana kwamba mengine yanaishia kwenye karai la chipsi maana ni bei chee na yanakaangia muda mrefu bila kuchoka. Na msidanganyane eti utayajua kwa rangi. Yakiwa masafi ni mepesi, ya njano iliyofifia, ukiniwekea pembeni ya mafuta ya kula yaliyochujwa vizuri hata mimi siapi lipi ni lipi.

Transfoma nyingi za sasa zina mafuta yanayotokana na mafuta ghafi ya kuchimbwa ardhini, hayo tu sio chakula. Balaa ni zile za zamani ambazo zina kemikali inaitwa PCB, viwanda viliipenda kwa sababu haiungui kirahisi, sasa moto wa mkaa wa kibandani utaifanya nini? Japani mwaka 1968 PCB ilivuja kwenye mabomba ya kiwanda ikaingia kwenye mafuta ya kula ya pumba za mchele, wakaanza kufa kuku, malaki, halafu ndo watu wakatoka chunusi nyeusi ngumu, kope zimevimba na zinatoa uchafu, kucha nyeusi, ganzi miguuni, na watoto wakazaliwa na ngozi imepiga weusi. Taiwan yakawakuta hayohayo 1979. Na PCB haitoki mwilini leo wala kesho, inajificha kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka, mama anayenyonyesha anampitishia mtoto.

Morocco nako, mji wa Meknes 1959, wafanyabiashara walichanganya mafuta ya injini za ndege kwenye mafuta ya kula, watu kama 10,000 wakapooza. Tamaa ya faida tu hiyo.

Sasa mi nafanyaje, naulizia dumu. Kijana mmoja muuza chipsi mtaani kwetu nilimuuliza, "mdogo wangu, mafuta unachukua wapi?", akanijibu "kuna jamaa ananiletea usiku bro, mi sijui anatoa wapi", dumu lenyewe halina lebo, mfuniko umefungwa na kipande cha mfuko wa nailoni. Nikanunua soda nikaondoka. Mwenye dumu la dukani analifungua mbele yako huyo kula kwake, na nyumbani pia mafuta ya kupimiwa yakiwa rahisi kuliko maduka yote jiulize kwanza.

Ukihisi umekula kitu cha hivyo usijitapishe, mafuta ya namna hii yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu na hapo ndo unaumia zaidi, nenda hospitali umwambie daktari ulikula nini na wapi, mafuta yenyewe kama yamebaki yabebe kwenye chupa. Dada zangu mnaonyonyesha msije mkamwachisha mtoto kwa kusoma haya, ongeeni na kliniki kwanza.

Na ukiona watu wamepanda transfoma usiku hawana gari la shirika wala sare, piga simu shirika la umeme au polisi, usiwasogelee, ile kitu ina moto wa kukuua kabla hata hujaigusa.