Mfuko wa kulalia usilowe njia ya Machame

Mdogo wangu, umesema unapanda Kilimanjaro mwezi wa nne kwa njia ya Machame, na unaogopa mfuko wako wa kulalia wa manyoya ya bata utalowa, tena unajaza begi zima. Hofu yako ni ya haki. Aprili ni masika, na siku ya kwanza yote unatembea ndani ya msitu wa mvua. Manyoya yakilowa hugandamana, joto linakwisha, na huko juu hayakauki.

Usitegemee kifuniko cha mvua cha begi peke yake. Maji huteremka mgongoni na kuingia kwa nyuma. Nunua mfuko usiopitisha maji, ule unaofungwa kwa kukunja mdomo. Usitumie mifuko myepesi ya plastiki ya kubebea badala yake: imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata hivyo huchanika upesi.

Mfuko wa kulalia usiukunje wala kuuviringisha. Ushindilie ndani ya ule usiopitisha maji kwa ngumi, ukianza na upande wa miguuni, kidogo kidogo mpaka pembeni pajae. Kandamiza kwa goti hewa itoke, kisha kunja mdomo mara tatu au nne ndipo ubane kifungo. Uweke chini kabisa ya begi, na nguo mbichi zikae mbali nao.

Ukifika kambini utoe mfuko wa kulalia mara moja ili manyoya yavimbe tena. Asubuhi, kama hakuna mvua, ugeuze ndani nje upigwe upepo wakati unakunywa chai, kwa sababu jasho la usiku nalo huulowesha.